Jina Lililovaa Watu

Hii ni sura ya nane kwa hesabu ya serikali. Kwa hesabu ya wanaokumbuka ni ya tisa, na anayetaka kubishana na abishane na kitabu chenyewe, maana baada ya ukurasa wa nne pana kisiki cha karatasi, kipande chembamba kilichobaki pale mkono wa mtu ulipochana kwa haraka. Tuanzie kwenye kisiki hicho. Habari za wakubwa huanza na upanga au na farasi mweupe. Hii inaanza na karatasi iliyochanwa, na mwanamke aliyeitazama kwa muda mrefu kuliko alivyoruhusiwa.

Mwanamke huyo aliitwa Sorcha. Alikuwa mshona vitabu katika mji wa mawe ya kijivu, mji usio na jina kwa sababu mvua yake ilifuta kila kibao kilichotundikwa. Alikuwa mtu wa sauti ndogo. Wateja walipomsemesha aliwajibu akiitazama sindano, na wengine waliondoka wakidhani wamezungumza na sindano. Lakini kitabu alikijua kama mkunga anavyoujua mgongo wa mzazi. Alijua kwamba kitabu si kurasa zilizofuatana foleni. Ni karatasi pana zilizokunjwa katikati, zikapachikwa moja ndani ya nyingine, zikashonwa kwenye mkunjo. Ukurasa wa kwanza, unaojiona uko peke yake mbele ya wote, una pacha wake mwisho kabisa, upande wa pili wa uzi, nao ni karatasi moja. Msomaji hana haja ya kulijua hilo. Sorcha lilimfariji. Alipokuwa mpweke, na mara nyingi alikuwa mpweke, alifikiri kwamba huenda na watu wameshonwa hivyo.

Asubuhi moja yenye mwanga mweupe kama maziwa, mlango wake ulifunguliwa bila hodi. Akaingia mzee mrefu mwenye glavu za sufu na pua nyekundu. Kwapani alikuwa na kitabu, begani mkoba wa ngozi, na mkononi ndoo ndogo iliyofunikwa kwa kitambaa.

"Wewe ndiye binti wa Glenorra?" aliuliza.

"Mimi ni binti wa Lachlan," Sorcha aliiambia sindano.

"Huyo simjui." Mzee alipenga kamasi kwa utulivu. "Nilimkabidhi mtu udongo miaka ishirini na miwili iliyopita. Kabla sijamaliza kukung'uta mikono, hakukuwa tena na mtu wa jina hilo."

Hapo Sorcha akamtambua. Alikuwa Murdo, Mkabidhi. Sorcha alikuwa na umri wa miaka sita alipomwona mara ya kwanza, na pua ilikuwa nyekundu vilevile. Watu wa bondeni walisema Murdo ni yule yule aliyemkabidhi Lodi wa Kwanza, miaka mia nne iliyopita, na kwamba mafua yake ni ya mvua ya siku ile.

Glenorra lilikuwa bonde katika milima ya Uskoti, au katika milima inayofanana nayo, kwa sababu ukungu wa huko hauulizi mipaka. Lilikuwa pia jina la cheo: Lodi wa Glenorra, bwana wa bonde zima. Na cheo hicho hakikutolewa kwa taji wala kwa pete. Kilitolewa kwa bonge la udongo na jiwe. Mkabidhi alisimama juu ya ardhi yenyewe, mchana, mbele ya mashahidi wawili, akavua glavu ya kulia, akatia udongo na jiwe katika mkono wa mrithi. Mkono kwa mkono. Likikosekana moja kati ya hayo, ardhi, mchana, mashahidi wawili au mkono mtupu, hakuna kilichotolewa. Yakitimia yote, hata mfalme hawezi kukirudisha.

Siku ile ya utoto wake, baba yake aliupokea udongo mbele ya nyumba yao. Mama alikuwa ametenga uji wa shayiri mezani. Akasimama mlangoni akamwita: Lachlan. Baba alikuwa akiifuta mikono yake polepole kama mtu anayesoma. Lachlan, mama aliita tena, uji unapoa. Mara ya tatu baba aligeuka, akawatazama wote wawili kwa adabu, akamwuliza Murdo: "Hawa wanamwita nani?" Kisha akapanda kilima kwenda kwenye nyumba kubwa, na tangu siku ile kila alichoandika alikitia saini ya neno moja tu, Glenorra, kwa sababu Lodi haandiki jina lake. Hiyo ndiyo desturi. Jina alilopewa na mamaye huliacha mlangoni, pamoja na viatu vya matope.

"Amekufa," Murdo alisema. "Leo jua likizama unatimia mwaka mmoja na siku moja. Asipopatikana mrithi, cheo kinakufa na bonde linarudi kwa Taji, kwa serikali ya mfalme."

"Na Taji litafanya nini na bonde?"

"Kondoo. Wako tayari nyuma ya ukuta, elfu mbili. Nyumba thelathini na moja zitabomolewa kabla ya wiki kwisha."

"Na nikikubali?"

Murdo aliupapasa mkoba. Pengine kulikuwa na aibu kidogo katika vidole vyake, pengine baridi tu. "Humu mna hati ya kuhamisha watu. Imeandikwa kwa jina la Glenorra. Inasubiri saini."

"Mimi siwezi kuisaini."

"Wewe huwezi," alikubali Murdo. "Lakini atakayeshika kalamu hatakuwa wewe, bibie. Wote walisema hawawezi."

Basi Sorcha alilitazama jambo lile kutoka pande zote, kama anavyokitazama kitabu kilicholoa. Akikataa, Taji litawatoa watu. Akikubali, atawatoa yeye mwenyewe, kwa mkono wake, na usiku atalala vizuri. Ni mtego uliofungwa kwa adabu sana. Akanyoosha mkono, si kwa ndoo bali kwa kitabu.

"Naomba nikione kwanza. Mgongo wake umeachia."

Alikifungua chini ya dirisha. Katika kila ukurasa palikuwa na neno moja, Glenorra, na chini yake mwaka. Saini saba, karne nne, mwandiko mmoja. Herufi ya kwanza ilijikunja kwa kiburi kile kile. Mkia wa mwisho ulichapa karatasi kama mjeledi ule ule. Hapakuwa na baba na mwana hapa, hapakuwa na kijana wala mgonjwa aliyetetemeka. Hapo ndipo Sorcha alipoelewa kitu ambacho kilimfanya akae chini. Mtu huvaa koti, likichakaa akalitupa. Jina hili lilivaa mtu, akichakaa likamtupa. Lilikuwa halina mwili, kwa hiyo liliazima. Lilikuwa halina mkono, kwa hiyo liliingia katika mkono wa mwingine kama mkono unavyoingia katika glavu, na watu wakaiona glavu ikipunga wakasema: tazama, bwana wetu anatusalimu. Je, madaraka yote yako hivyo? Je, kuna mtu ndani ya cheo chochote, au kuna joho tu linalotembea na kutafuta mabega? Na kama ndani hamna mtu, tunamwinamia nani, na miaka yote hii tumekuwa tukimwogopa nani?

Kisha kidole chake kikagusa kisiki.

"Hapa pamechanwa," alisema.

"Hapo hapana kitu."

"Pana uzi, bwana Murdo. Uzi haushoni hewa."

Murdo alipenga tena, safari hii kwa muda mrefu, kisha akaufungua mlango. Nje hapakuwa na mtaa. Palikuwa na kilima chenye nyasi za kahawia zilizolala kwa upepo, na chini yake bonde, na bondeni nyumba za mawe zilizoezekwa kwa majani, kila moja na moshi wake. Sorcha alitia mfukoni sindano na uzi, kwa mazoea tu, akashika kitabu, akatoka.

Juu ya kilima walisimama malodi waliotangulia. Walikuwa wamejipanga mstari. Wa Kwanza alikuwa amelowa mpaka kiunoni, kwa kuwa alikipata cheo kwa kumbeba mfalme mgongoni kuvuka mto, na tangu siku hiyo hajawahi kukauka. Wa Tatu alivaa koti lililogeuzwa ndani nje. Alibadili upande mara mbili katika juma moja la vita na bado hakuwa na hakika upande uliofaa ni upi. Wa Sita alikuwa na sufu kwenye mifuko, kwenye mikono, hata puani, maana ndiye aliyewatoa watu wa bonde la juu na kuwaweka kondoo. Wa mwisho mstarini alikuwa na uso ambao Sorcha aliujua.

"Baba," aliita, kwa sauti yake ndogo.

Wa Saba hakugeuka.

"Usijisumbue," alisema Wa Sita akitema sufu. "Hapa hakuna baba za watu."

"Mbona mfupi hivi?" aliuliza Wa Kwanza. "Joho litaburuzika."

"Litapunguzwa," alisema Wa Tatu.

"Joho halipunguzwi. Mtu ndiye hupunguzwa."

Wote saba wakacheka kicheko kimoja, chenye kuanza pamoja na kukatika pamoja. Sorcha hakucheka. Alikuwa akitazama mstari. Kati ya wa nne na wa tano palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, na upepo ulipita hapo ukivuma tofauti kidogo na ulivyovuma kwingine, kama unavyopita penye mlango.

"Hapo anasimama nani?"

"Upepo," walisema wote.

"Upepo una bahati. Umepewa nafasi sawasawa na mabega ya mtu."

Wa Tano, aliyekuwa karibu zaidi na ile nafasi, alisogeza mguu wake kama mtu aliyeguswa na maji baridi.

Wakati huo watu wa bondeni walikuwa wakipanda kilima. Mbele yao alikuja Grizel, mjane mwenye mwili mpana na shali ya rangi ya kutu, ambaye aliwapokea mikononi watoto wote waliozaliwa bondeni kwa miaka arobaini, Sorcha akiwa mmoja wao. Nyuma yake alikuja Tormod, mchunga kondoo asiyesikia kwa sikio la kushoto. Hao wawili ndio walioitwa kuwa mashahidi. Wengine walikuja kwa sababu hawakuweza kukaa ndani kungojea.

"Umekonda, mwanangu," Grizel alimwambia, kana kwamba hilo ndilo jambo kubwa la siku ile. "Huko mjini mnakula karatasi?"

"Gundi zaidi, mama."

"Kumbe. Na huyu bado hajapona?" Alimwelekezea Murdo kidevu. "Karne nne za mafua. Mtu angekunywa maziwa ya moto."

"Mama Grizel," Sorcha alisema, "kwenye ile nafasi alisimama nani?"

Grizel aliwatazama malodi mmoja mmoja kama mtu anayechagua viazi. "Marsali," alisema. "Hawakukwambia? Watakwambiaje, kila akitajwa wanapata kiungulia. Marsali alikuwa Lodi baada ya wa nne. Mwanamke, na kwa haki yake mwenyewe, si mke wa mtu. Mfalme wa zama hizo alitaka bonde zima liwe malisho ya farasi wake, akaleta hati ya kututoa. Bibi yake bibi yangu alikuwapo ameshika taa. Karani akasema, tia saini. Marsali akatia. Karani akasoma, akageuka rangi. Kaandika Marsali. Akamwambia, Mheshimiwa, Lodi haandiki jina lake, saini hii haina nguvu. Marsali akasema, haina hata kidogo, na ndivyo ninavyotaka."

"Hati ikawa bure?"

"Ikawa bure kabisa. Nyumba zetu zimesimama juu ya saini mbovu, mwanangu. Wakauchana ukurasa wake wakasema hajawahi kuwapo. Lakini kama hajawahi kuwapo, hati ile iliharibiwa na nani?" Grizel alifunga shali yake. "Mpaka leo hawajajibu. Nimemwuliza huyu wa mafua mara tatu."

Sorcha alihisi kitu kikikaa mahali pake ndani yake, polepole, kama uzi unapovutwa na kurasa zikakaribiana. Marsali alilipinga jina kwa kuandika jina lake. Lakini aliposhinda alikuwa peke yake, na aliyeko peke yake huchanwa. Aliufungua mkono, akaukunja, akaufungua tena.

"Jua linashuka," alisema Murdo.

Kweli lilikuwa limeinama upande wa magharibi, jeupe, bila joto. Bado mchana, lakini mchana wa kuazima. Nyuma ya ukuta kondoo walilia kidogo.

"Nipe," alisema Sorcha.

Mwanamke mmoja nyuma alianza kulia, kwa kuwa alikuwa na mtoto mchanga na hakujua pa kumpeleka. Tormod alisogeza sikio zuri mbele. Murdo aliondoa kitambaa kwenye ndoo, akavua glavu ya kulia, akachota bonge la udongo lenye nyasi, na juu yake akaweka jiwe dogo jeusi. Akasema maneno yaliyosemwa siku zote, mafupi, bila kuyatia chumvi: "Pokea udongo. Pokea jiwe. Kilicho juu yake ni chako na kilicho chini yake ni chako." Akakiweka kile kitu kizito, baridi, katika kiganja cha Sorcha.

Na jina likashuka.

Halikuja kwa kishindo. Lilikuja kama joho la sufu nzito linalowekwa begani na mtu mwenye adabu nyuma yako. Kwanza joto. Baada ya baridi yote ile ya mjini, joto. Mgongo ukanyooka. Akaona bonde kwa macho ambayo hakuwa nayo: akaona malisho mazuri. Akaona moshi thelathini na moja ukichafua hewa nzuri. Akashangaa ni kwa nini watu hawa wamesimama karibu hivi.

Mimi ni.

Mimi ni wa nane. Nimekuwapo siku zote. Nilimbeba mfalme, alikuwa mzito, alinuka divai. Niligeuza koti. Nina sufu mdomoni. Mimi ni nani huyu mwenye mkono mdogo? Ana sindano mfukoni. Sindano ya nini? Lodi hashoni.

Kulikuwa na mwanamke mlangoni. Uji unapoa. Alikuwa akimwita nani?

Kulikuwa na jambo la kufanya. Jambo dogo. Upesi.

Mkono. Mkono kwa mkono.

Mkono wake uliokuwa na udongo ulianza kujifunga, kwa nguvu isiyokuwa yake, vidole vikilikumbatia bonge kama mizizi. Aliutazama. Ulikuwa tayari unajua kujikunja kwa kiburi kama ile herufi ya kwanza. Akatumia mkono wa kushoto, mkono ambao hakuna aliyeuomba kitu, akatoa sindano mfukoni, akajichoma nayo kiganjani. Kwa mshona vitabu maumivu hayo ni ya kila siku. Yalimrudisha kwenye kiti chake, dirishani kwake, kwa muda wa pumzi moja. Vidole vikaachia. Akageuka akaliweka bonge la udongo na jiwe katika mkono mpana wa Grizel.

"Pokea udongo," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini ilifika ukutani. "Pokea jiwe. Kilicho juu yake ni chako na kilicho chini yake ni chako."

Malodi saba walitoa mlio kama kitambaa kinachopasuka.

"Hapana," alisema Murdo. "Hapana, bibie. Sijamaliza. Bado hujatia saini kitabuni."

"Ulitoa au hukutoa?"

"Nimetoa, lakini..."

"Basi ni changu. Na changu nimempa. Tuko juu ya ardhi yenyewe?"

Murdo alizitazama nyasi chini ya viatu vyake. "Tuko."

"Ni mchana?"

Alitazama jua. "Ni mchana. Bado."

"Mkono ni mtupu?"

"Mtupu na una sugu," alisema Grizel, akiuinua.

"Shahidi wa kwanza?"

"Nimeona," alisema Tormod. "Kusikia ni nusu, lakini kuona nimeona kote."

"Na shahidi wa pili?"

Grizel sasa alikuwa mpokeaji, hakuweza kujishuhudia. Wengine walikuwa hawajaitwa kuwa mashahidi. Sorcha alimwelekea Mkabidhi. "Wewe, bwana Murdo. Umesimama hapa karne nne na macho yako ni mazima. Umeona?"

Wa Kwanza alipiga kelele kwamba Murdo hana macho, ana ofisi. Maji yakamtiririka kiunoni. Murdo alitoa leso, akaikunja, akairudisha bila kuitumia. Uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyebeba ndoo moja maisha yake yote na sasa amegundua kwamba mkono unauma.

"Nimeona," alisema.

Grizel hakungoja. Alilimega bonge, akampa Tormod sehemu, akayasema maneno. Tormod akamega, akampa yule mwanamke mwenye mtoto mchanga. Mkono kwa mkono likashuka kilimani, likipungua na kuenea, mashahidi wakishuhudiana wao kwa wao, mpaka kila nyumba ikawa na chembe zake chini ya kucha. Na jina likawafuata. Lilirukia bega la Grizel, likakuta shali. Lilirukia bega la Tormod, likavutwa na mwingine kabla halijakaa. Joho lililofumwa kwa mabega ya mtu mmoja likajaribu kukalia mabega sitini, likanyooka, likakonda, nyuzi zikaanza kuonekana. Yule mwenye mtoto alipatwa na kiburi kwa nukta chache, akamtazama jirani yake kwa dharau, kisha akapiga chafya likamtoka. Watu wakacheka. Hakuna aliyewahi kumcheka Glenorra akiwa hai, na kicheko hicho kikapasua kilichokuwa kimebaki.

Lakini Sorcha alisimama na kitabu, na hakucheka. Uzito ulikuwa umeondoka, ila ulikuwa umeondoka na kitu. Alishika kalamu juu ya karatasi na hakuwa na la kuandika. Mahali pa jina lake palikuwa na kisiki.

"Mama," alisema, kwa woga ambao hakuwa nao mbele ya malodi. "Mimi naitwa nani?"

Grizel alikuja akamshika uso kwa viganja vyenye udongo. Hakuharakisha. "Ulizaliwa alfajiri ya theluji," alisema, "na hukutaka kulia. Nilikupiga makofi mawili, ukanikunjia ngumi badala ya kulia. Mamako Kirsty akasema, haka kadogo kapole kana ngumi. Babako alikuwa amesimama pembeni na sufuria ya maji ya moto amesahau kuiweka chini, mpaka akaungua. Yeye ndiye aliyechagua. Alisema, aitwe Sorcha. Nikasema, rudia nisikie. Akarudia, Sorcha."

"Sorcha," alisema Sorcha.

"Ndilo hilo. Linakutosha. Halijawahi kumtosha mwingine."

Alikifungua kitabu. Murdo alinyoosha kidole kumwonyesha ukurasa baada ya wa saba, palipo pake, lakini yeye akafunua kurasa tupu moja baada ya nyingine mpaka ya mwisho kabisa, akaandika hapo kwa mwandiko wa mviringo usio na mkia: Sorcha, wa tisa. Chini yake akaongeza: Wa tano ni Marsali.

"Watauchana," Murdo alisema kwa upole. "Nawajua. Kesho asubuhi kabla ya chai."

"Wauchane." Alikifunga kitabu, akakigeuza amwonyeshe mgongo, mkunjo na uzi. "Ila wakumbushe kwamba mimi ni mshona vitabu. Ukurasa wa mwisho na wa kwanza ni karatasi moja. Wakiacha kisiki, kitanitaja kama kilivyomtaja Marsali. Wakiuchana wangu bila kuacha kisiki, wa kwao hauna pa kushikia. Utadondoka. Na Lodi wa Kwanza akidondoka, hakuna wa pili, hakuna wa saba, hakuna Glenorra, na hakuna aliyewahi kumiliki bonde hili isipokuwa wanaoishi humo. Wachague wenyewe lipi linawauma zaidi."

Wa Kwanza alifungua mdomo, na mara ya kwanza katika karne nne maji yakaacha kumtiririka. Wengine wakasogea kidogo, wakaiacha ile nafasi kati ya wa nne na wa tano bila kujifanya hawaioni. Na Sorcha alikwenda mwisho wa mstari, akasimama mbele ya ule uso anaoujua.

"Lachlan," alisema. "Uji unapoa."

Akageuka. Polepole, kama mtu aliyesikia kwamba chakula kiko mezani na hana hakika kama ni chake. Akaitazama mikono yake, akaipangusa kwenye suruali, akaanza kushuka kilima kuelekea nyumba.

Murdo alikirudisha kitabu ofisini, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake. Wanaofanya kazi huko wanasema kwamba kila mwaka karani mpya hupewa amri ya kuuchana ukurasa wa Sorcha. Hukitoa kabatini, hufungua mwisho, huushika ukurasa ukingoni kwa vidole viwili. Kisha hufungua mwanzo. Hukaa hapo kidogo. Halafu hukirudisha kabatini, taratibu, kama mtu anayerudisha yai.

Hati ya kuhamisha watu haijapata wa kuisaini. Bondeni moshi ni thelathini na moja. Asiyeamini na aje ahesabu, mchana, na alete mashahidi wawili.